Alibeba Hema Lililolowa: Kisa cha Mgumu wa Machame

Shauri lenyewe lilikuwa dogo. Kijana wa Pasua, Moshi, mgumu, kama wapagazi wanavyoitwa mlimani, aliyekwisha kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro kwa misimu kadhaa, alikuwa anadai siku tatu za kazi, tipu ambayo hakuiona na fedha za hospitali zilizolipwa na mama yake. Ukijumlisha yote, haikufika laki nne. Kampuni iliyopandisha wageni wale ilijibu kwa sentensi moja: huyu kijana hatumjui.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Moshi. Nilimsaidia kujaza fomu na kwenda naye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ile watu wanayoiita CMA. Jina lake nimeliacha, na la kampuni na la kiongozi wa msafara pia, kwa kuwa mambo yaliishia kwenye makubaliano na yeye bado anategemea mlima kula. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu moja. Tunapojadili barafu ya Kilimanjaro tunakuwa na wataalamu wa mazingira. Tunapojadili mishahara tunakuwa na watu wa kazi. Katika kisa hiki vitu hivyo viwili vilikuwa juu ya shingo ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja, na ukivitenganisha huelewi kilichomwangusha.

Siku sita, alizomaliza tano

Simu ilimpata saa tatu usiku: kesho asubuhi tripu, njia ya Machame, siku sita, elfu kumi na tano kwa siku. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Kiongozi alikuwa amepungukiwa mtu. Hapo Moshi kuna KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi ulioanza mwaka 2003, unaoazimisha majaketi, mabuti na suruali za mvua bila malipo. Kijana anaujua vizuri na amewahi kuazima. Lakini mtu anayeitwa usiku na kutakiwa kuwa kwenye gari alfajiri haendi kuazima kitu. Alivaa buti alizonunua mtumba Kiboriloni, soli ya kulia ikiwa imefungwa kwa mpira wa tyubu.

Getini Machame alipewa mesi, hema kubwa ambalo wageni wanalia chakula. Likawekwa kwenye mizani, likasoma kilo ishirini kasoro kidogo, likapita. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 za mzigo wa kampuni, mbali na begi la mpagazi mwenyewe. Hadi hapo kila kitu kilikuwa halali, na maofisa wa geti walifanya kazi yao kama inavyotakiwa.

Mvua ilianza mchana wakiwa bado msituni. Kambi ya Machame iko kwenye mita zipatazo 3,000, na walipofika udongo ulikuwa umegeuka tope. Hema lilisimamishwa likiwa limelowa, wageni wakala humo, wakaenda kulala. Halafu wagumu nao wakaingia kulala humo humo, maana katika timu nyingi mesi ndiyo bweni la wapagazi baada ya chakula cha jioni. Asubuhi haikuwepo nafasi ya kulianika. Mgumu lazima akunje, abebe, awapite wageni njiani na awafikie kambi inayofuata kabla yao ili wakute chai imeiva. Kwa hiyo turubai lile lilikunjwa na maji yake, likawekwa juu ya ngata, likapandishwa hadi Shira kwenye mita 3,840. Kesho yake likapandishwa tena hadi Barranco.

Lilikuwa na kilo ngapi sasa? Hakuna aliyelipima. Mtu yeyote aliyewahi kukunja turubai lililolala kwenye mvua anaweza kukadiria mwenyewe. Mizani ya getini ilipima hema kavu, na hema kavu lilikuwepo kwa saa chache tu za siku ya kwanza.

Siku ya nne ndiyo iliyommaliza. Safari ya siku sita hailali kambi ya Karanga. Mnapanda ule ukuta wa Barranco kwa mikono na miguu, mnateremka bonde la Karanga, mnapanda tena hadi kambi ya Barafu, mita 4,673. Kambi ile haina maji. Mto wa Karanga ndio maji ya mwisho, na kila tone la chai, la supu na la chupa za wageni watakaokwenda kileleni usiku linabebwa kutoka kule chini. Maji nayo hayapimwi getini, kwa sababu getini hayapo. Kijana alipandisha hema lake, kisha akarudi na galoni. Alipofika mara ya pili kifua kilikuwa kinabana, anakohoa, anatema mate yenye povu.

Alimwambia kiongozi msaidizi. Jibu lilikuwa, "Lala mdogo wangu, kesho utashuka." Kiongozi mkuu alikuwa anaandaa wageni wa kuondoka saa sita usiku. Akalala kwenye mesi, kwenye sakafu ya maji. Alfajiri akapewa ruhusa ya kushuka Mweka, peke yake. Mtu mwenye dalili zile kwenye mwinuko ule anatakiwa kushushwa usiku ule ule, tena na mtu pembeni yake. Maji yakishajaa kwenye mapafu kwa sababu ya mwinuko, dawa ya kwanza ni kushuka, na kila saa inahesabika. Wagumu wa kampuni nyingine ndio waliomshika mkono kuanzia kambi ya Mweka hadi getini. Mama yake alimpokea hapo, akampeleka hospitali kwa bodaboda, akalazwa, akapona.

Wiki iliyofuata kiongozi alimtumia shilingi 45,000 kwa simu. Alipouliza, akaambiwa siku ya nne aliugua, siku ya tano alishuka bila mzigo, siku ya sita hakuwepo. Na tipu hugawiwa waliomaliza.

Nani mwajiri

Nilipompigia msimamizi wa kampuni, hakuwa mtu wa matusi. Tulikutana tena kwenye benchi la korido kabla hatujaitwa ndani, na maneno yake hapo nayaweza kuyaeleza. Ya ndani ya chumba cha usuluhishi ni siri kwa kanuni. "Dada, mimi namheshimu huyu kijana," alisema. "Lakini sisi hatuajiri wagumu. Kiongozi tunampa fedha ya timu yote, anatafuta watu wake."

Kijana akamjibu taratibu, "Bosi, ulinipa mkono getini Machame. Ukaniambia hema nisiliburuze, ni jipya."

Hoja ya msimamizi ndiyo hoja ya sekta nzima, na inafaa ichukuliwe kwa uzito wake. Kampuni nyingi za mlima hazina wapagazi kwenye orodha ya mishahara. Kuna kiongozi, na kiongozi ana watu wake: ndugu, majirani, wengine waliotoa kitu kidogo ili wapangwe. Fedha inashuka kwa mkono mmoja na inapungua njiani. Likitokea tatizo, kampuni inaelekeza kwa kiongozi, kiongozi anasema yeye mwenyewe ni kibarua, na mgumu anabaki anazungukwa kama mpira.

Sheria yetu lakini iliona mbali kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, bila kujali mkataba umeandikwaje au haukuandikwa, iwapo jambo lolote kati ya yaliyotajwa lipo. Yametajwa kuwa chini ya maelekezo ya mwingine katika namna ya kufanya kazi, saa za kazi kupangwa na mwingine, kuwa sehemu ya taasisi yake, kumtegemea kiuchumi, kupewa vifaa vya kazi. Yapo mengine pia. Hayahitajiki yote, linatosha moja.

Sasa pima. Nani alipanga kwamba leo mnalala Shira na kesho Barranco? Ratiba iliuzwa na kampuni kwa mgeni miezi kabla. Nani alimwandikisha kijana getini? Kila mpagazi anaingia hifadhini chini ya msafara wa kampuni, na kampuni ndiyo inayolipia kiingilio chake. Vifaa ni vya nani? Kijana alikuwa na picha aliyopigwa Shira akiwa amesimama mbele ya mesi, na ubavuni mwa hema jina la kampuni limeandikwa kwa herufi zinazosomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa na ujumbe wa WhatsApp wa orodha ya timu, jina lake la saba, mbele yake pameandikwa "mesi". Katika mashauri ya namna hii nimeona watu waadilifu wakishindwa kwa kukosa karatasi. Huyu hakuwa na karatasi hata moja, ila simu yake ilikuwa imejaa ushahidi.

Kuna kifungu kingine kinachosaidia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Likifika shauri mbele ya Tume au mahakama na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa uko kwake. Kwa maneno mengine, kutoandika mkataba, ambako kampuni nyingi hukuona ni kinga, kunaweza kuwageukia wenyewe.

Sitaki kuonyesha kwamba tulikuwa na kila kitu. Siku ya sita ilikuwa hoja dhaifu. Likizo ya ugonjwa yenye malipo haimpati kirahisi mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri, na mgumu anayepanda na kampuni nne tofauti kwa msimu hatimizi miezi sita kwa yeyote, hata akifanya kazi hii miaka kumi. Tipu nayo ni ngumu. Ni zawadi ya mgeni, haimo kwenye mshahara kwa macho ya sheria. Ila kila mtu mlimani, kuanzia wakala wa Ulaya hadi mpishi, anapanga bei akijua kuwa tipu itaziba pengo la mshahara, na mgeni hupewa kabla ya safari karatasi inayomwelekeza atoe kiasi gani kwa kila mpagazi. Ukishampangia mtu zawadi kwa jedwali, umekwisha kuifanya mshahara unaolipwa na mwingine.

Hesabu ya mlima

Msimamizi alilalamika pia, na hapa nilimwelewa. Mgeni asiye wa Afrika Mashariki hulipa hifadhini dola 70 kwa siku, dola 50 kwa usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji kwa safari. Safari ya siku sita na usiku tano inafika dola 690, na ukiweka VAT ya asilimia 18 unavuka 814. Hiyo hakuna anayeipunguza. Mgeni mmoja hubebewa na wapagazi watatu au wanne. Ukiwalipa wanne dola 10 kwa siku, kiwango ambacho kimetajwa kwa miaka mingi kuwa ndicho cha chini kwa mpagazi, ni dola 240.

Chukua kampuni inayouza safari hiyo kwa dola 1,200. Imebaki na 146. Kwa hizo ikodi gari, inunue chakula cha siku sita, imlipe kiongozi, msaidizi na mpishi, imtolee wakala asilimia yake, na ipate faida. Haiwezekani. Bei ile imewezekana kwa sababu zile 240 hazilipwi zote. Kijana wetu aliahidiwa elfu kumi na tano, pungufu sana ya dola 10, na bado hakuipata yote.

Mgeni aliyenunua kwa bei hiyo pengine ni mwalimu au muuguzi aliyejibana miaka miwili, na simlaumu. Namlaumu zaidi anayeshindanisha bei kutoka ofisi iliyo mbali, halafu akaandika kwenye tangazo kwamba wapagazi "wanatendewa haki". Na ninailaumu kampuni ya hapa inayokubali. Kubanwa na wakala hakukuondolei uwezo wa kumshusha mtu mgonjwa akiwa na mwenzake. Hilo halina bei.

Mvua, ukame na mtu wa kati

Hapa watu huniuliza: mvua ya Machi ina uhusiano gani na tabianchi? Mvua mlimani haikuanza leo. Ni kweli, na sitasema mvua ya siku ile ililetwa na moshi wa magari ya Ulaya. Safari moja haithibitishi kitu.

Kinachojulikana kwa uhakika ni hiki. Barafu ya kilele ilikuwa kama kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki chini ya mbili, yaani asilimia 85 ilikwisha ndani ya maisha ya babu na mjukuu. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa ripoti ikisema barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, Kilimanjaro ikiwemo, zinaelekea kutoweka kufikia 2050. Sababu zake zina utata zaidi kuliko mabango yanavyosema: hewa ya juu imekuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ni chache, jua linailamba barafu moja kwa moja, na joto linaongeza lake. Chini yake, moto umekuwa ukisukuma mpaka wa juu wa msitu kushuka, na ule msitu wa juu ndio unaonasa maji ya ukungu.

Kwa hiyo mlima umekauka kwa ujumla, na mvua ikija inaweza kuja kwa fujo, kama wakazi wa kaskazini walivyoiona vuli ya 2023, iliyotuletea maporomoko ya Hanang Desemba ile, na masika ya 2024. Kalenda ya kampuni, ile inayosema Januari hadi katikati ya Machi ni kukavu, inauzwa kana kwamba mbingu nazo zimesaini. Mvua ikivunja kalenda, ratiba ya mgeni haibadiliki, idadi ya wapagazi haiongezwi, na tofauti yote inaingia kwenye turubai. Maji yakiadimika kambini, vivyo hivyo: anayetembea mbali zaidi na galoni ni yule yule. Mvua ikizidi anabeba yeye, maji yakipungua anabeba yeye.

Na lawama nayo anabebeshwa. Oktoba 2020 moto uliunguza kilomita za mraba 95.5 za mlima. Ulianzia eneo la Whona, kituo cha kupumzikia kwenye njia ya Marangu, na taarifa za mwanzo za hifadhi zilielekeza kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Inawezekana kabisa. Lakini uliza kwa nini chakula kilikuwa kinapashwa pale: kwa sababu wageni wanataka chakula cha moto njiani na mpagazi ndiye anayetumwa kukitayarisha. Nilisikia watu mjini wakisema wagumu wafundishwe kutunza mazingira. Sikusikia mtu akisema kampuni zipewe masharti ya majiko.

Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu tabianchi unataja katika utangulizi wake mpito wa haki kwa wafanyakazi, yaani tabianchi ishughulikiwe bila wao kubebeshwa mzigo, na kazi zenye staha. Maneno hayo kwetu hutafsiriwa kuwa miradi ya sola na semina hotelini. Kwa mtazamo wangu mpito wa haki Kilimanjaro unaanza na jambo lisilo na fahari yoyote: anayebeba gharama ya hali ya hewa mlimani awe na mwajiri anayejulikana kwa jina. Bila hilo, huwezi kumdai mtu vifaa vya mvua chini ya sheria ya usalama na afya mahali pa kazi, kwa sababu hakuna wa kudaiwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao, unaochangiwa na waajiri tangu Julai 2015 bila mfanyakazi kukatwa kitu, hauwezi kumfikia kirahisi mtu ambaye kwenye vitabu vya mwajiri hayupo. Kijana alipokuwa na maji kwenye mapafu, mfuko wake wa fidia ulikuwa ni kuku na mbuzi wa mama yake.

Kuna jambo linalonichekesha kidogo. Mwaka 2019 serikali ilipozungumzia kujenga usafiri wa nyaya kupandisha wageni mlimani, wadau wengi wa utalii walipinga, na hoja yao kubwa ilikuwa ajira za maelfu ya wapagazi zitapotea. Walikuwa na hoja nzuri. Siku ile wapagazi walikuwa ni ajira. Kwenye korido ya CMA wakawa ni watu wa kiongozi.

Makubaliano, na kilichobaki nje

Shauri liliisha kwenye usuluhishi. Kiasi kilicholipwa sikiandiki, kwani makubaliano yanazuia. Itoshe kusema mama alirudishiwa fedha za hospitali na kijana alinunua buti mpya, si za Kiboriloni. Hati ya makubaliano inafunga pande zote na inakaziwa kama hukumu, kwa hiyo malipo hayakuchelewa. Ila ilikuwa na sharti moja nililolisoma mara mbili: malipo haya si kukiri kwamba kulikuwa na uhusiano wa ajira.

Nilimshauri asaini. Angeendelea hadi uamuzi, pengine tungepata tuzo, yaani uamuzi wa Tume, inayosema kwa maandishi kwamba mgumu aliyebeba hema la kampuni ni mwajiriwa wa kampuni, na wenzake wangeitumia. Lakini angekaa miezi bila tripu huku jina lake likizunguka miongoni mwa viongozi kama mtu wa kesi, na kampuni ingeweza kwenda Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kuomba mapitio. Si haki kumwomba mtu mwenye mapafu yaliyotoka kupona abebe na mzigo wa kuwa mfano. Kwake yalikuwa makubaliano mazuri. Kwa waliobaki mlimani hayakubadilisha kitu, na kampuni inajua hivyo. Ndiyo maana ililipa.

Dawa ya mtu mmoja mmoja kwa hiyo ina mwisho wake. Chama cha wafanyakazi? Vyama vya wapagazi vipo, na sheria inaruhusu wafanyakazi 20 kuanzisha chama. Kikwazo kinakuja baadaye: ili chama kitambuliwe na mwajiri kwa majadiliano, lazima kiwe na wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi wa mwajiri huyo. Mgumu aliyetawanyika kwenye kampuni tano hawezi kuwa sehemu ya wengi popote, hasa kama kampuni zote tano zinasema hazina wapagazi. Ndiyo maana naona nguvu ielekezwe kwenye amri ya kima cha chini cha mshahara, ambayo waziri huitoa kisekta na haimuulizi mtu ana wanachama wangapi kwenye kampuni gani. Kiwango cha mpagazi kwa siku ya mlimani kiwekwe humo wazi, kwa shilingi, kikitaja kwamba siku ya kuugua mlimani na siku ya kushuka ni siku za kazi.

Na hifadhi ina mkono ambao bado haijautumia wote. Geti tayari linazuia msafara wenye mzigo uliozidi. Linaweza pia kudai orodha ya timu yenye jina la mpagazi, kiasi cha malipo kwa siku na saini ya kampuni, siyo ya kiongozi, kabla mtu hajavuka kizuizi. Malipo yaende moja kwa moja kwenye simu ya mpagazi. Teknolojia hiyo hata muuza ndizi wa Mbuyuni anayo. Na mizani ihamie asubuhi. Kupima getini hema kavu ni sawa, lakini mvua ikinyesha usiku, mzigo upimwe kambini kabla ya kuondoka, na kampuni iwe na mtu wa akiba wa kugawana naye. Watasema gharama itapanda. Itapanda, na yule anayeuza kwa dola 1,200 atalazimika kuuza kwa bei ya kweli au kuacha biashara. Hilo halinikoseshi usingizi.

Kwa sasa tunachoweza ni kidogo na tunakifanya. Wagumu wanaopita ofisini tunawaambia wapige picha ya mzigo ukiwa kwenye mizani, na nyingine ya hema likiwa limesimama jina la kampuni likionekana. Wasifute ujumbe wa kiongozi hata simu ikijaa. Na wakidhulumiwa wasisubiri msimu uishe. Madai ya mshahara hupelekwa Tume ndani ya siku 60, na kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali ni siku 30. Wengi huja baada ya miezi minne, kwa kuwa walikuwa wanangoja kiongozi atimize ahadi.

Rafiki wa kijana huyu, aliyekuwa kwenye tripu ile ile na aliyekatwa siku moja kwa kuchelewesha maji, alikuja baada ya siku hizo kupita. Kwake tunaanza na fomu namba mbili, ya kuomba kuongezewa muda. Anatakiwa aeleze sababu ya kuchelewa, na sababu yake ni kwamba alikuwa mlimani, na kampuni ile ile.